Nisomee, Mwanangu

Juzi kwenye basi la kwenda Parramatta niliketi nyuma ya mama aliyevaa sare ya watunza wazee. Binti yake, mtengeneza programu, alikuwa na kompyuta mapajani.

"Siku hizi AI ndiyo inaandika programu, Mama. Mimi nabonyeza tu kukubali. Bosi anataka haraka."

"Umeisoma?"

"Nimepitisha macho."

"Sisi kazini dawa haitolewi na mtu mmoja. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anasikiliza. Haya, nisomee."

"Hutaelewa, Mama."

"Nisomee, mwanangu." Akavaa miwani, eti ndiyo asikie vizuri.

Binti akacheka, akaanza kumfafanulia mstari kwa mstari. Mama akawa anaitikia, "Ehe."

"Hapa inafuta orodha ya zamani ya wateja. Halafu inahifadhi nakala ya..." Akaurudia mstari. "Mungu wangu! Inafuta kabla ya kuhifadhi!"

"Ehe," akaitikia mama vilevile.

Ndipo binti akatazama nje. "Mama! Tumeshapita hospitali, ulikotakiwa kushuka!"

"Niliiona. Ulikuwa bado unasoma."

Naambiwa mashine hizo zinajua kila kitu. Sawa. Nitaziamini siku mojawapo itakapopitiliza kituo chake kwa ajili ya mtu.