Kageuzeni Kahawa

Pale kituo cha polisi afande wa kike aliniuliza kitu kimoja tu, mwenzangu, nikajikuta niko kijijini Itaka, Itaka ya utoto wangu.

"Bibi, mwanao alipokuwa anampiga mkewe, watoto walikuwa wapi?"

"Nje. Wanageuza kahawa."

Niliwatuma mimi. Jibu lilitoka kama kuitikia hodi, maana hata mimi nilitumwa hivyo hivyo.

Kwetu kichanja cha kuanikia kahawa kilikuwa hatua kumi kutoka dirishani. Mwezi wa saba baridi inauma vidole, maganda yananuka uchachu, nzi wamejaa. Baba akianza kupandisha sauti, mama anatuita kwa upole: "Wanangu, kageuzeni kahawa." Hata kama tumetoka kuigeuza sasa hivi. Tunageuza. Punje zinalia chaka chaka kwenye mkeka, na ndani kinalia kingine. Nilijifunza kugeuza kwa mikono yote miwili, zilie zaidi, mdogo wangu asisikie. Alisikia. Alikuwa anajikojolea pale pale amesimama, na mikono inaendelea na kazi.

Jirani akipita anachota punje, ananusa. "Kahawa ya nyumba hii haina mfano! Shemeji, watoto wako umewalisha nini? Wangu mimi mpaka niwafukuze na fimbo."

Mama anacheka, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka jichoni. "Wanapenda kazi tu."

Sikulia siku zile na silii leo. Nakueleza tu.

Afande akasema mtoto akishuhudia kipigo nyumbani, hata kama yeye hakuguswa, ametendewa ukatili, na aliyepiga anaweza kushtakiwa kwa hilo pia. "Sasa niambie, bibi. Walisikia?"

Mwanangu alikuwa mahabusu, chumba cha pili. Mkewe alishaanza kusema amemsamehe. Ningesema hawakusikia, huenda angerudi nyumbani jioni ile ile. Ni mtoto wangu wa kwanza, nimemzaa kwa shida.

"Kichanja kiko hatua kumi," nikasema. "Walisikia yote. Na aliyewatuma ni mimi. Andika."

Akaandika.

Baba hayupo, mama hayupo, jirani yule naye tulishamzika. Kichanja cha Itaka kilioza miti, pale sasa pamelimwa mahindi.

Nilipofika nyumbani niliwakuta wajukuu wamesimama kichanjani, wanageuza. Ndani kimya, hakuna hata mtu. Mkubwa wao, binti, akaniuliza bila kuinua uso, "Bibi, tuendelee?"

"Acheni," nikamwambia. "Ikauke upande mmoja."