Pasipoti Niliyoishona Mwenyewe

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nimeifanya miaka ishirini na sita katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha uchapaji, meza ikiwa dirishani. Vitabu vya maktaba vilivyoachia kurasa, madaftari makubwa ya ofisi, vyote hupita mikononi mwangu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na si msemaji. Kazini wananiita Bwana Gundi. Jina hilo sikulikataa, maana kulikataa kungenilazimu kuzungumza.

Kifungua mimba wetu alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, mwaka wa saba sasa, akapata mchumba hukohuko. Alipotutumia tiketi, yangu na ya mama yake, aliniambia kwenye simu: "Baba, nataka nikiingia ukumbini niwe nimekushika mkono." Nikaitikia, "Haya, mama," nikampa mke wangu simu, nikaenda kusimama uani mpaka macho yakauke.

Pasipoti yangu niliiweka kwenye droo ya kazini, nikiona ndiko salama. Nilisahau kitu ambacho fundi kama mimi hakupaswa kusahau. Droo ile ndimo ninamoweka gundi ya unga wa ngano, na mende huipenda gundi hiyo kuliko chakula. Wiki tatu kabla ya safari nikaikuta mgongo umetafunwa, jalada limeachia, na kingo za kurasa zimekuwa kama meno ya msumeno.

Mke wangu akasema nikaombe nyingine, muda bado upo. Nikakataa, na sababu sikumwambia. Nilijiona nimesimama mbele ya karani, nyuma yangu foleni, naulizwa kitabu cha serikali kimepatwa na nini. Nikaona heri niyamalize mwenyewe kimyakimya.

Jumamosi moja, mashine zikiwa zimezimwa, nilifumua mshono wa zamani, nikapanga kurasa, nikashona upya kwa uzi wa kitani niliopaka nta, nikabandika jalada na kulilaza chini ya chuma kizito. Jumatatu nikanyoosha kingo kwa mashine ya kukatia, milimita mbili tu kila upande. Sitasema uongo, ilipendeza. Mpiga chapa wetu, ambaye hakosi neno, aliigeuzageuza akasema serikali ingenijua ingeniajiri. Siku ya kuagana akaniambia, "Bwana Gundi, kaa mbali na mlango wa ndege, usije ukaubandika." Wote wakacheka, nami nikacheka.

Nilitaka kutengeneza na ya mke wangu, kwa kuwa ilikuwa na kona iliyokunjika na doa la chai. Akaifutika kwenye mkoba. "Yangu niachie na ubaya wake," alisema.

Kwenye uwanja wa ndege, dada wa kaunta alianza na ya mke wangu. Ikapita kwenye mashine na doa lake la chai. Kisha akachukua yangu. Akaipitisha mara moja, mara mbili, akaifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mzee, hii nani ameishona?"

Tangu asubuhi sauti ilikuwa imenikauka. Kwa swali hilo ikatoka safi kabisa.

"Mimi," nikasema. "Uzi wa kitani huo. Hauachii."

Hakutabasamu. Alimwita mkubwa wake, kijana mwenye tai, naye akaziweka pasipoti zetu mgongo kwa mgongo. Yangu ilikuwa fupi. Alinieleza kwa sauti ya chini, na kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza. Iliyochakaa kidogo wanaweza kuivumilia, alisema, lakini iliyofumuliwa hakuna awezaye kujua kama kurasa zake ni zilezile. Hata wakiniruhusu, niendako nitarudishwa. Nikamwambia sikuichezea, niliitengeneza tu. Nyuma yangu mtu akauliza kuna nini, mwingine akamjibu kwamba mzee ametengeneza pasipoti yake mwenyewe. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi, ili isijikunje kwenye sanduku. Jasho likanitoka mpaka viganjani.

Mke wangu alitaka kubaki. Nikamwambia aende, mtoto asitukose sote wawili. Halafu nikamwomba jambo ambalo hata kuliandika naona haya.

"Mwambie naumwa. Homa imenishika ghafla."

Alinitazama. "Baba watoto," akasema, "hata leo?" Akachukua mkoba wake akaenda, bila kuniambia kama atasema au hatasema.

Nikarudi nyumbani na sanduku, nikafunga mapazia. Kazini walijua niko ng'ambo. Siku mbili nilitembea ndani kwa soksi ili jirani asinisikie.

Siku ya tatu, asubuhi ya harusi, simu ikalia. Alikuwa mwanangu.

"Baba, mama anasema nikuulize wewe mwenyewe kwa nini hukuja."

Homa ilikuwa tayari mdomoni. Nikakumbuka alivyosema juu ya mkono, ikakwama. Nikamweleza yote, mende, droo, uzi, milimita mbili, na karani niliyeona aibu kwenda kusimama mbele yake.

"Ingekuwa aibu ya dakika moja, baba," akasema.

"Ndiyo, mama."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema ataingia na mama yake, na mtu atanishikia simu nione. Nikavaa ile suti, nikakaa kitandani. Picha ilikuwa inakatika. Nikamwona akiingia, amemshika mama yake mkono, anakwenda harakaharaka kama zamani alipochelewa shule, kisha nikaona migongo ya watu tu.

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, nilifika ofisi ya pasipoti, ingawa harusi ilikwisha na sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu foleni ilifika mlangoni. Karani akaifungua, akauliza imepatwa na nini.

"Ililiwa na mende," nikasema. "Kisha nikaiharibu mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Karani aliandika bila kuinua macho, akanisogezea fomu.