Mtani Wangu na Mshauri wa Kwenye Simu

"Mnyamwezi ana watani. Mshauri wa kwenye simu wa nini?"

Hiyo ni hoja ya mtani wangu Mzaramo, jirani yangu hapa mtaani Ipuli, aliyoiandika kwenye kundi la simu la wanaume wa mtaa. Hoja mbovu.

Mama alipofariki, watani walituchekesha msibani, wakaenda zao. Usingizi wangu haujarudi mpaka leo.

Asubuhi hii nilikuwa naongea na mshauri nasaha kwa video ya simu, mtani huyo akaingia bila hodi.

"Dada, mwambie mpagazi huyu atue mzigo!"

Mshauri akamwuliza taratibu, "Na wewe, kaka, unalala?"

 

Mtani akavuta kiti, akaongea mpaka muda wangu ukaisha.

Sasa ninyi wanaume wa kundi la mtaa mnaoishangilia hoja yake: futeni vicheko vyenu, kila mmoja atafute mshauri wake. Huyu mshauri wangu niachieni. Bado sijalala.