Choo Cheusi

Juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja Kibamba, mbele yangu alisimama mjamzito na mama mkwe wake. Nesi alisoma kadi, akasonya.

"Damu imeshuka tena! Vidonge vya kuongeza damu humezi?"

"Niliacha, dada. Tumbo lilifunga, choo kikawa cheusi. Mama akahofia navuja damu ndani. Tangu hapo, mwezi mzima sasa, ni kizunguzungu tu."

"Weusi ni wa vidonge! Meza baada ya kula, kunywa maji mengi, usishushie na chai."

Mama mkwe akamnyooshea nesi kibahasha cha vidonge. "Hapa mmeandika kimoja kwa siku tu. Hayo mengine tungeyasoma wapi?"



Mwezi mzima wa kizunguzungu, jamani, kwa kukosa maneno machache! Na maneno ndiyo dawa pekee isiyowahi kuisha dirishani.