Mama Mwenye Sharubu

Wauguzi wangu walinipachika jina la Maman Ça-va-aller, yaani Mama Itakuwa-Sawa, kwa sababu neno hilo halinitoki mdomoni. Dawa zimeisha? Ça va aller. Paa linavuja juu ya kitanda? Ça va aller, sogezeni kitanda. Ukweli ni kwamba nalisema zaidi ninapoogopa, na asubuhi ile niliogopa kweli. Nilikuwa mkuu wa muda wa salle, yaani wodi, ya wanawake, na daktari mkaguzi alikuwa njiani kuja kuamua kama nitathibitishwa au nitarudi kuchoma sindano.

Sheria ilikuwa garde-malade mmoja kwa kila mgonjwa, yaani ndugu mmoja wa kulala naye, kumpikia na kumwogesha. Mgonjwa wangu mmoja, mama wa familia ya wavuvi wa kwenye maporomoko, alikuwa na watano. Kuwafukuza? Walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Vitanda vinne vilikuwa wazi, basi nikawalaza humo kama wagonjwa: dada watatu na kaka wa mgonjwa, ambaye wote walimwita tonton, yaani mjomba, pande la mtu lenye sharubu nene.

"Tonton, lala, jifunike kichwa, usiseme kitu."

"Maman chef, mimi siko mugonjwa!"

"Lala! Ça va aller."

Mkaguzi akaingia, akafurahi kuona vitanda vyote vimejaa. Kati ya wagonjwa wote akaenda kusimama kwa tonton. Akautoa mkono wake chini ya kitenge, mkono unaonuka samaki wa moshi, akaufunga kipimo cha presha. Akapima. Akapima tena.

"Huyu mama iko na tension mubaya sana! Kumi na tisa, na kawaida ni kumi na mbili!"

Tonton akaruka akaketi, kitenge kikaanguka, sharubu zikatokea zote.

"Docteur, nitakufa?"

Msaidizi wangu alikuwa anatazama sakafu, na shetani akaninong'oneza nimsingizie yeye. Nikajichukia kwa kuwaza hivyo.

"Docteur, ni mimi nilimulalisha. Hawa bote bane ni bagarde-malade. Niliogopa utaninyanganya kazi."

Mkaguzi alizitazama sharubu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Bon. Mumupeleke kwa salle ya wanaume, leo hii. Huyu ni mugonjwa wa kweli."

Kisha akaandika kwa muda mrefu bila kunionyesha. Wiki hiyo sikulala vizuri hata siku moja.

Barua ilipofika, nilikuwa nimethibitishwa, pamoja na onyo la ukurasa mzima. Nilikimbilia salle ya wanaume kumweleza tonton. Nilimkuta amezungukwa na ndugu tisa, mbabula, jiko lao la makaa, inawaka chini ya dirisha, makayabo, samaki wa chumvi, yanachemka na chumvi yake yote. Wauguzi wakanigeukia, wakingoja neno langu.

Sikulisema. Nilichukua kipimo cha presha, nikawapanga wote tisa foleni, nikaanza na yule aliyekuwa anapuliza makaa.