Aliyemvua Fisi Suruali

Dada yangu Gesare aliandika kitabu. Nimeanza na neno hilo makusudi, kabla mtu hajanikatiza, maana nimekatizwa vya kutosha. Ukikishika kitabu chenyewe utaona jina la mume wake, Mwalimu Ratemo, kwa herufi kubwa nyekundu, na utadhani mimi Mong'ina ni mwongo, au namwonea shemeji yangu wivu. Wivu sina. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Tulizaliwa karibu na Kiogoro, na Gesare ndiye wa kwanza kwetu kumaliza darasa la nane. Alifundisha watoto wadogo bila cheti cha ualimu, kama wengi walivyofanya siku zile uhuru ulipoingia, na watoto walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mtu wa maneno. Angekueleza tu jinsi kuku alivyoingia jikoni, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kisha mwaka wa 1965 akaolewa upande wa Nyamira na Ratemo, aliyekuwa na cheti, baiskeli, na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Ualimu wake ukaishia hapo. Boma lile lilikuwa limepanda majani chai, na majani chai hayajichumi.

Alianza kuandika kituoni, pale wanawake wanapopeleka majani kupimwa. Lori la kiwanda lilichelewa kila mara barabara ikiwa tope, na wanawake walikaa kwenye nyasi wakichambua majani na kusengenya watu. Gesare alikuwa na karatasi ndani ya kikapu. Aliandika kwa Kigusii, akawasomea wenzake, nao wakamkosoa bila huruma.

"Aa, huyo fisi wako amekubali haraka sana," jirani yake Tryphosa alikuwa akisema. "Fisi ni mlafi, si mjinga."

Gesare anafuta, anaandika upya. Kisa walichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha fisi aliyesikia kwamba Wasabato watakula pamoja baada ya ubatizo. Fisi akaazima suruali, akapanga foleni mtoni na waongofu. Pasta alipomzamisha, mto ukaondoka na suruali, na fisi akabaki majini akiimba nyimbo zote za kanisa, moja baada ya nyingine, kwa kuogopa kutoka, huku harufu ya mchuzi ikimfikia puani.

Upande wa pili wa kibanda cha mizani alikaa Mzee Momanyi, baba mkwe wake, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kituo. Alikaa amewapa mgongo. Kwetu Gusii baba mkwe na mkaza mwana hawali pamoja, hawataniani, wala hawatamki mbele ya mwenzake neno la kuvua nguo. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haina mchezo. Kwa hiyo mzee alitazama barabara. Lakini Tryphosa alisema mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Ratemo alizisoma hadithi hizo na, nimpe haki yake, alizipenda. Alirekebisha nukta, mikato na herufi kubwa, akazipeleka Nairobi kwa kampuni moja iliyotaka vitabu vya shule kwa lugha za nyumbani. Mwaka wa 1971 kitabu kikatoka. Nilikuwa kwao siku kilipofika. Gesare alifuta mikono, akakishika, akasoma jalada, akageuza nyuma, akarudi mbele, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. Kwenye ukurasa wa kwanza mumewe alikuwa ameandika: "Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu wake."

Uvumilivu! Yaani mtu anakunyang'anya kitu mkononi, halafu anakushukuru kwa kutopiga kelele.

"Shemeji," nikamwambia, "jina la Gesare liko wapi?"

"Kaa kwanza, shemeji, unywe chai."

"Chai nitakunywa kwetu. Liko wapi?"

Akanieleza taratibu, kama aelezavyo darasani. Hadithi za fisi, akasema, ni za nyanya zetu, hazina mwenyewe. Nikamuuliza, kama hazina mwenyewe, yeye amejiandika pale kama nani? Tena ni nyanya gani huyo aliyesimulia habari za ubatizo? Nyanya yangu mimi alikufa bila kujua suruali inafungwa wapi.

Basi akatoa la pili. "Mong'ina, wewe ni Mgusii. Baba ni mzee wa kanisa. Asome mambo ya fisi kubaki uchi, na juu pameandikwa jina la mkaza mwana wake? Unataka mzee auweke wapi uso wake?"

Mila ni ya kweli, nami nimelelewa ndani yake. Nikamtazama Gesare. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu kilikwenda haraka kupita kiasi.

"Mwache," akasema. "Labda ni kweli."

Niliondoka bila kunywa chai, nimekasirika njia nzima.

Mwaka uliofuata, Ratemo akiwa sasa hedimasta, shule yake ilifanya siku ya wazazi. Afisa wa elimu, ambaye hakuwa Mgusii, alikuja kumpongeza mwandishi, na Mzee Momanyi akaitwa mbele aseme neno kama baba. Gesare alikuwa nyuma kabisa, nami kando yake, pamoja na wanawake wa kituoni, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mzee alisimama, macho yake juu kwenye mabati.

"Mimi ni mzee ya kanisa, siwezi danganya," alisema kwa Kiswahili chake, kwa ajili ya mgeni. "Huyu kijana yangu ni mtu ya maana. Lakini tangu azaliwe, hata siku moja hajawahi nichekesha. Na hii kitabu imenichekesha mpaka machozi. Sasa nyinyi wenye masomo muangalie hiyo maneno." Akakaa.

Watu walicheka na kupiga makofi. Afisa alidhani ni utani wa wazee. Sisi wa nyuma hatukucheka. Mzee alikuwa amesema yote ambayo chinsoni ilimruhusu kusema, na kile kisingizio cha mwanawe, kwamba mzee angeaibika, kilikuwa kimekufa mbele ya shule nzima. Nikamtazama shemeji yangu. Alikuwa anapiga makofi na wageni.

Nikangoja. Mwaka wa 1975 kitabu kikachapwa mara ya pili, na jina lilikuwa lile lile, na shukrani za uvumilivu zile zile. Sasa sababu ilikuwa nini? Hakuna aliyeitoa. Mtu akishazoea kuitwa mwandishi sokoni, huona jina ni lake kama shati alilovaa.

Mwaka huo huo Bochaberi, binti yao, alikuwa darasa la pili. Mwalimu wao, Ondieki, kijana mgeni kutoka Ogembo, aliwauliza nani aliandika kitabu walichokuwa wakisoma. Bochaberi akainua mkono, akasema, "Mama." Wenzake wakacheka. Mwalimu akamuuliza tena, akashikilia pale pale, basi akampeleka kwa hedimasta aonywe kwa kusema uongo. Hedimasta ndiye baba yake.

Ratemo alipewa mkononi nafasi ya kusema kweli, ofisini kwake, bila afisa wala mgeni wa kumwaibisha. Akamwambia mtoto, "Rudi ukaseme jina lililo kwenye jalada." Mtoto akarudi, akalisema.

Jioni Bochaberi alimweleza mama yake. Hakulia. Aliuliza tu, kwa dhati kabisa, kama yeye ni mwongo. Jalada Gesare alikuwa amelimeza. Hili halikumezeka.

Asubuhi aliingia darasa la pili, kikapu cha majani mgongoni, akamwomba Ondieki nafasi. Akasimulia kisa cha fisi mwanzo mpaka mwisho, bila kitabu, akiimba zile nyimbo kwa sauti ya fisi aliyepigwa na baridi. Watoto walilala juu ya madawati kwa kicheko. Ratemo alisikia kelele, akaja akasimama mlangoni. Gesare alimwona, akaendelea.

"Haya," akawauliza watoto, "nani alimvua fisi suruali?"

"Mama Bochaberi!"

"Mama Bochaberi ana jina."

Akachukua chaki, akaandika GESARE ubao mzima, kwa ule mwandiko wake wa ualimu. Akapita karibu na mumewe, akaenda kuchuma. Ratemo alirudi ofisini akafunga mlango. Ondieki aliniambia mwenyewe kwamba mkono wake ulikataa kushika kifutio siku hiyo, akafundisha hesabu kwa mdomo.

Kesho yake ubao ulifutwa, kwa sababu ubao hufutwa. Kitabu hakifutwi. Kiko madukani Nyamira, kiko Kisii mjini, watoto wanakisoma, wanacheka, halafu wanageuza jalada na kusoma jina la Ratemo.