Kanzu Kwenye Kamba ya Ziwa

Mvua za kwanza zikianza, mke wangu hunitazama na kucheka, nami najua anakumbuka nini.

Siku zile sisi waungwana, Waislamu wavaa kanzu, tulikuwa nyumba chache tu hapa Kindu, kando ya Lualaba. Nyuma yetu kulikuwa na ziwa dogo, maji yametulia. Nilipenda kukaa pale na ndoana yangu kutwa nzima, nikingoja samaki mmoja.

Nilikuwa namposa binti wa Mama Sifa, mwanamke wa watu wa mto, mlinzi wa ziwa lile. Asubuhi moja nikakuta kamba imefungwa mti kwa mti, mbele ya maji. Nikaona watu hawa wana adabu kweli, wameniwekea pa kuanikia nguo. Kanzu yangu ilikuwa imelowa umande, nikaitundika, nikabaki na shuka.

Jioni nikapata kambale mnene. Kwa furaha nikakimbia naye moja kwa moja hadi kwa Mama Sifa.

Alipompasua, mayai yakajaa sinia.

"Mwanangu, umemuvua wapi? Ziwani tumefunga kamba, samaki wanataga. Wakivuliwa sasa, watoto wetu watakula nini?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile kamba.

"Kule mbali, mama, mutoni," nikajibu haraka. "Ziwani sijafika."

Binti yake akaingia, amebeba nguo nyeupe.

"Mama, iko muntu ametundika kanzu kwenye kamba yetu."

Wote wawili wakageuka, wakatazama shuka yangu.